Lugha za Nyumbani na Kiingereza Zanzibar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na wazazi, na vijana wanaotafuta kazi za hoteli, na wanafunzi wa vyuo wanaokuja na madodoso yao, na watu wenye jamaa nje walioletewa fomu wasizozielewa. Nafundisha Kiingereza jioni huku mitaa ya Ng'ambo, mjini Zanzibar, na fomu za watu zinapita mikononi mwangu, kwa hiyo majibu mengine yana maoni yangu ndani yake. Mwenye haraka asome swali linalomhusu, mengine ayaache.

Zanzibar watu huzungumza lugha gani majumbani?

Kiswahili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, Unguja 1,346,332 na Pemba 543,441, na walio wengi mno kati yao wamelelewa kwa Kiswahili, wameposa na kuposwa kwa Kiswahili, na hata ugomvi wa maji ya bomba wanagombana kwa Kiswahili. Si kama sehemu nyingi za bara, ambako mtoto hukua na Kisukuma au Kihaya, Kiswahili akaja kukikuta skuli au sokoni.

Ila ukisema Kiswahili ukanyamaza hapo, umeacha mengi. Mjini ni Kiunguja. Makunduchi na vijiji vya kusini wana Kikae, ambacho vitabuni huitwa Kimakunduchi. Kisiwani Tumbatu na baadhi ya vijiji vya kaskazini ni Kitumbatu. Pemba ni Kipemba, nacho si kimoja: Mkojani, mtu wa kisiwa cha Kojani, akifungua mdomo tu, mtu wa Chake Chake keshajua anatoka wapi.

Halafu zipo nyumba zenye lugha ya pili. Baadhi ya familia za asili ya Omani na za Washihiri, wenye asili ya Yemen, bado zina Kiarabu, ingawa kwa vijana mara nyingi kimebaki cha kusikia kuliko kusema. Mji Mkongwe kuna Kikachi na Kigujarati kwa familia za asili ya Kihindi. Wapo Wangazija, wenye asili ya Komoro, ambao wazee wao wakikutana hurudi kwenye Kingazija. Na wapo waliotoka bara, wengine kwa vizazi: Wamakonde, Wanyamwezi, Wasukuma, na siku hizi Wamasai wa ufukweni. Mwisho kuna Wazungu waliohamia Paje, Jambiani na Nungwi, wenye watoto wanaozungumza lugha ya mama, ya baba, na Kiswahili cha wenzao wa kucheza nao mchangani.

Kuna takwimu rasmi za lugha ya nyumbani?

Asilimia ya kusema "hawa Kipemba, hawa Kiarabu" hakuna. Sensa zetu haziulizi lugha ya nyumbani, na kabila halijaulizwa tangu sensa ya 1967. Mtu akikuandikia kwamba wasemaji wa Kipemba ni laki kadhaa, mara nyingi amechukua idadi ya watu wa Pemba akaibandika jina la lahaja. Hesabu hiyo haina maana, kwa sababu Wapemba wamejaa Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Muscat, na Pemba nako wapo wasiokuwa Wapemba.

Kinachoulizwa kwenye sensa ni kusoma na kuandika: je, huyu anajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa zote mbili, kwa lugha nyingine, au hajui kabisa? Majedwali mengi unayoyaona yenye safu ya Kiingereza yametoka hapo. Yasome kwa uangalifu. Kwanza, ni kusoma na kuandika, si kuzungumza. Pili, karani hampi mtu kitabu akamsikiliza. Anauliza, anajibiwa, anaandika. Tatu, mara nyingi anayejibu ni mkuu wa kaya, na anajibia nyumba nzima. Baba aliyelipia tuisheni mwaka mzima atasema mwanawe Kiingereza anakijua. Wewe ungesemaje?

Kipemba, Kitumbatu na Kikae niviandike kama lugha au kama Kiswahili?

Inategemea fomu ni ya nini. Fomu ya hospitali, ya skuli au ya uhamiaji inataka kujua utafutiwe mkalimani gani, kwa hiyo andika Kiswahili. Ukiandika Kipemba, ofisa wa ughaibuni atatafuta kwenye orodha yake, hatakiona, na fomu itarudi. Fomu ya utafiti wa lugha ni jambo jingine. Hapo andika lahaja, tena andika na kijiji, maana anayejua kazi yake atataka kujua kama ni Micheweni, Wambaa au Kojani.

Wataalamu wengi huzihesabu zote kuwa lahaja za Kiswahili, nami sina ugomvi nao. Lakini asikudanganye mtu kwamba tofauti ni lafudhi tu. Kikae kina sarufi yake. Mtu wa Makunduchi akieleza jambo lililokwishatendeka, irabu ya mwisho ya kitenzi hugeuka kufuata irabu ya shina, kitu ambacho Kiswahili cha mjini hakina. Mgeni wa kutoka Dar es Salaam akikaa barazani na wazee wawili wa Makunduchi wasiomjali, atapata neno moja moja. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, limetoa kamusi za lahaja hizi. Mwenye nia azitafute.

Nyumbani tunazungumza Kikae, lakini karani akija tunasema Kiswahili. Tunakosea?

Hamkosei, mnafanya wanavyofanya wote. Panda gari ya Makunduchi pale mjini jioni usikilize. Mwanamke anajibu simu ya bosi wake kwa Kiunguja kilichonyooka, anakata, anamgeukia jirani yake wa kiti, na hapo hapo maneno yanabadilika, sauti inapanda, kicheko kinakuwa kingine. Akifika kwake ataendelea hivyo hivyo. Karani mgeni mwenye kitambulisho shingoni atapewa kile cha simu ya bosi.

Kuna na haya kidogo, tusifichane. Watoto wa shamba walichekwa mno walipokuja kusoma mjini, na wengi wakaapa wanao wasichekwe. Matokeo yake kuna nyumba ambazo bibi anasema Kikae, mama anakielewa na kukijibu kwa Kiunguja, na mtoto anacheka tu. Lahaja ikifika hapo, kurudi ni kazi.

Kiswahili sanifu kimetokana na cha kwetu. Mbona mwanangu anapata alama ndogo za Kiswahili?

Ni kweli msingi wa Kiswahili sanifu ni Kiunguja cha mjini. Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alikaa hapa na kukiandikia sarufi katika karne ya 19. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ukakichagua kiwe msingi. Na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930. Lakini kilichochukuliwa kimepitia mikono mingi tangu hapo, na kile tunachozungumza kimeendelea na njia yake. Mtoto anayesema "nshakula" au "n'takuja" anasema sawasawa kabisa, ila kwenye karatasi anatakiwa aandike "nimeshakula" na "nitakuja", na hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni mambo mawili. Mtoto wa Kipemba ana hatua ndefu zaidi. Mwalimu akikata alama bila kueleza, mtoto anabaki akiamini kwamba lugha ya mama yake ni makosa.

Kiburi chetu nacho kimo. Tunajiona Kiswahili ni mali ya nyumbani, hatufungui kitabu, halafu mtoto wa Mwanza anatupita kwenye mtihani.

Mwanangu anasoma chuoni (madrasa ya Kurani) tangu mdogo. Niandike anajua Kiarabu?

Hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linalochanganya watu kuliko yote.

Watoto wengi wa Kiislamu hapa huanza chuo kabla ya skuli au sambamba nayo, kwa hiyo alifu, be, te huzijua kabla ya a, e, i. Nenda chuo chochote saa za alasiri utamkuta mtoto wa miaka saba anasoma juzuu ya Amma, kila herufi inatoka mahali pake, ghuna (sauti ya puani) anaijua, wakfu (mahali pa kusimama) anaujua, na mwalimu akimpitishia kosa la makusudi analikamata. Sasa muulize huyo huyo kwa Kiarabu jina la mama yake, au mwambie afunge dirisha. Atakukodolea macho. Hakufundishwa hilo, na si aibu.

Kwa hiyo kama fomu ina nafasi tofauti za kusoma, kuandika, kusikia na kuzungumza, weka alama kwenye kusoma. Kama ina kisanduku kimoja tu cha "lugha unazozijua", usikiweke Kiarabu, ama sivyo siku moja atapangiwa kazi ya ukalimani na wageni wa Kisaudi. Aliyesoma Kiarabu kama somo skuli, au aliyekwenda kwenye vyuo vikuu vya Kiarabu, huyo ni mwingine. Na wale waliolelewa Omani ni wengine pia, ingawa hata huko Muscat zipo nyumba ambazo ukipita mlangoni unasikia Kiswahili kitupu.

Bibi yangu hajui herufi za Kizungu, lakini anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sensa inamhesabu?

Anastahili kuhesabiwa kuwa anajua kusoma na kuandika Kiswahili. Swali linahusu lugha, halikutaja herufi. Tatizo ni kwamba mara nyingi hakuna anayemuuliza. Mjukuu anasema "bibi hakusoma", karani anaandika hajui, na bibi yuko uwani na daftari lake la madeni ya mchezo (upatu) lililojaa hati nzuri kuliko ya mjukuu. Kizazi chake kiliandikiana barua hivyo, wengi wao. Karani akija, mwite bibi ajibu mwenyewe.

Skuli za Zanzibar zinafundisha kwa lugha gani?

Za serikali, msingi ni Kiswahili na sekondari ni Kiingereza, isipokuwa masomo kama Kiswahili chenyewe, Kiarabu na dini. Sera ya Elimu ya 2006 ilipunguza msingi kuwa madarasa sita, na ikataka hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mambo ya mitaala yamekuwa yakibadilika tangu hapo, kwa hiyo muulize mwalimu mkuu wa skuli ya mwanao wanafuata upi mwaka huu. Skuli nyingi za binafsi hufundisha kwa Kiingereza tangu chini, na ubora wao haulingani hata kidogo. Ada kubwa si dalili ya mwalimu mzuri.

Mitihani ya kidato cha nne na cha sita ni ya Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa hiyo mtoto wa Wete na wa Mbeya wanajibu karatasi moja, na karatasi hiyo ni ya Kiingereza.

Kwa nini kijana amemaliza kidato cha nne na hawezi kuzungumza Kiingereza?

Kwa sababu hakuwahi kukizungumza. Nawaambia wazazi hivi na wanakasirika.

Kaa nyuma ya darasa la baiolojia, kidato cha pili, skuli yoyote ya kawaida. Mwalimu anaandika ubaoni maana ya usanisinuru kwa Kiingereza, mistari mitatu. Wanafunzi wananakili. Kisha anageuka na kuieleza kwa Kiswahili, vizuri tu, na mfano wa mwembe ulio nje ya dirisha. Darasa linaelewa. Anauliza kwa Kiingereza kama wameelewa, wanaitikia kwa pamoja. Mwisho wa muhula mtihani unauliza ile mistari mitatu, na aliyeihifadhi neno kwa neno anapata. Katika dakika zote arubaini hakuna mwanafunzi aliyetunga sentensi yake mwenyewe kwa Kiingereza. Zidisha kwa masomo yote na miaka yote minne.

Sisemi mwalimu amefanya vibaya. Angeeleza kwa Kiingereza kitupu, nusu ya darasa ingekwenda na maji, na pengine yeye mwenyewe angekwama, kwani naye alisomeshwa hivyo hivyo. Anawasaidia waelewe sayansi. Lakini basi tusijidanganye kwamba anawafundisha Kiingereza pia. Lugha inapotumika kunakili na kuhifadhi tu, mtoto anatoka na kitu kinachofanana na kile cha chuoni: anaisoma karatasi, ukimwambia afunge dirisha anakukodolea macho.

Ongeza madarasa yaliyojaa, skuli zenye mikondo miwili ya asubuhi na mchana, vitabu vya kugawana, na nyumba ambayo Kiingereza hakisikiki ila kwenye filamu. Halafu mzazi anasema kijana mvivu.

Kama sekondari ingefundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kikafundishwa kama lugha hasa na walimu wake, mimi naona matokeo yangekuwa bora kwa vyote viwili. Sera ya elimu ya bara ya 2014 ilifungua mlango huo kwa maneno, utekelezaji ukawa mambo mengine. Wazazi wengi hawakubaliani nami. Wanaogopa mtoto atakosa Kiingereza. Nami nawauliza: sasa hivi anacho?

Niongee Kiingereza na mtoto nyumbani ili akizoee?

Kama kwako kinatoka chenyewe, ongea. Kama unakitafuta neno kwa neno, acha. Mtoto anahitaji mtu wa kumsimulia, wa kumkanya, wa kubishana naye, na hayo huyawezi kwa lugha inayokupa maneno mia mbili. Nimewaona akina mama vijana wanaomwambia mtoto kila kitu kwa amri za Kiingereza: njoo, kaa, kula, usifanye. Mtoto wa miaka minne anajua kutii kwa Kiingereza na hajui kusimulia kwa lugha yoyote.

Mpigie "Paukwa!" aitikie "Pakawa!", mpe hadithi ndefu kwa lugha yako, kama ni Kipemba basi Kipemba. Mtoto anayeweza kupanga kisa kwa lugha moja atakipanga kwa ya pili akishapata maneno. Kiingereza mtafutie kwa njia nyingine: vitabu vya picha, katuni za kusikiliza pamoja, au mtu anayekijua kweli, hata kama ni kwa saa chache tu za wiki. Na ukae naye, usimtupie simu.

Kipemba kitamharibia Kiingereza?

Hapana. Wala Kikae, wala Kitumbatu, wala Kikachi.

Natafuta kazi hoteli. Wanataka Kiingereza kiasi gani?

Kinatofautiana kwa kazi. Usafi wa vyumba na bustani, salamu na maneno ya vitu unavyovishika yanatosha kuanzia. Mkahawani unahitaji kuchukua oda, kueleza chakula kina nini, na hasa kuelewa mgeni anayesema karanga zinamdhuru. Hilo si la kubahatisha. Mapokezi ni daraja jingine: simu, malalamiko, barua pepe, mgeni mwenye hasira saa tano usiku. Waongoza watalii wanatakiwa wasimulie, kwa hiyo wanatakiwa wawe na lugha ndefu kuliko wote.

Makosa ninayoyaona kwa vijana wangu si ya sarufi. Ni kuitikia. Mgeni anasema maji ya moto hayatoki chumbani, kijana anatabasamu anaitikia "yes, yes", mgeni anakwenda zake akisubiri fundi, na fundi haji kwa sababu kijana hakuelewa kitu. Heshima yetu inatufundisha kutomrudisha mkubwa nyuma, lakini kazini jifunze kwanza sentensi ya kuomba arudie polepole, na ya pili ya kurudia alichosema ili ahakikishe. Ukiwa na hizo mbili utawashinda wengi wenye vyeti.

Mapapasi wa Forodhani na wa ufukweni, vijana wanaowafuata watalii kutafuta riziki, wana Kiingereza cha mdomo kinachotiririka, na kule Kiwengwa wapo wanaozungumza Kitaliano ambacho hawakukisomea hata siku moja. Ukiwapa fomu ya kazi waijaze, wengi wanakwama. Kijana wa kidato cha nne ni kinyume chao. Ningekuwa na uwezo ningewakalisha benchi moja wafundishane.

Malalamiko kwamba hoteli zinachukua watu wa bara na Wakenya kwa ajili ya Kiingereza nimeyasikia sana. Yana ukweli wake, ingawa lugha si sababu pekee. Anayetaka cheti, SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wana mafunzo ya utalii kwenye kampasi yao ya Maruhubi.

CV yangu niandike Kiingereza "kizuri sana"?

Andika unachoweza kukifanya: napokea simu, naandika barua pepe, naongoza ziara ya saa mbili. Kama umefanya mtihani unaotambulika, taja daraja lako katika vile viwango sita vya Ulaya, A1 hadi C2, au alama ya IELTS, mtihani wa Kiingereza wa kimataifa. Msaili ataanza kwa Kiingereza kabla hujakaa, na hapo "kizuri sana" chako kitajulikana.

Jamaa zetu Marekani wameulizwa kwenye fomu lugha wanayozungumza nyumbani na Kiingereza wanakijua kiasi gani. Wanaogopa. Wajibu nini?

Wajibu ukweli. Nimesikia watu wakishauriana waandike Kiingereza "ili wasionekane", na ushauri huo unawaumiza wenyewe.

Marekani kuna uchunguzi unaofanywa kila mwaka na ofisi ya sensa yao, unaoitwa American Community Survey. Unauliza kama mtu anazungumza lugha nyingine zaidi ya Kiingereza nyumbani, ni ipi, na Kiingereza anakizungumza vizuri sana, vizuri, si vizuri, au hazungumzi kabisa. Sensa ya Uingereza na Wales ya 2021 iliuliza lugha kuu ya mtu, na kwa wale ambao si Kiingereza ikauliza hivyo hivyo kwa madaraja manne. Majibu hutumika kupanga huduma, kwa mfano wapi pahitaji wakalimani na walimu wa ziada.

Skuli za Marekani nazo humuuliza mzazi lugha ya nyumbani anapoandikisha mtoto. Akitaja lugha nyingine, mtoto hupimwa Kiingereza, na akionekana anahitaji msaada hupewa masomo ya ziada. Hiyo ni haki yake. Mzazi akificha, mtoto anawekwa darasani kama vile amezaliwa Chicago, anakaa kimya mwaka mzima, na walimu wanadhani ana tatizo la akili.

Kwenye yale madaraja manne, watu wetu hukosea kwa pande zote mbili. Mzee aliyefanya kazi na Waingereza zama zile atasema "kidogo tu" kwa adabu, na kijana atasema "vizuri sana" kwa kuwa anazijua nyimbo. Kipimo changu ni simu. Ukiweza kumpigia daktari, ukaeleza maumivu yako, ukaelewa alichokujibu bila kumwona uso, sema vizuri. Ukihitaji mtoto akusaidie, sema si vizuri, na uombe mkalimani. Mambo ya uzazi na ya maradhi ya siri usimtumie mtoto kutafsiri. Hata akijua lugha zote mbili, hilo si la kumbebesha.

Niandike "Swahili" au "Kiswahili"?

Fomu ya Kiingereza, "Swahili", kwa sababu ndivyo orodha zao nyingi zilivyo. Usiandike "Tanzanian" wala "Zanzibari".

Kama ndani kuna kiziwi anayetumia lugha ya alama?

Itaje. Ni lugha ya nyumbani kama nyingine, na mara nyingi ndiyo inayosahauliwa kwa kuwa haisikiki. Kama nyumba imejitungia alama zake yenyewe, andika hivyo pia, mwalimu atajua aanzie wapi.

Mbona Mzanzibari amepata Nobeli kwa kuandika Kiingereza, halafu mnasema Kiingereza chetu dhaifu?

Abdulrazak Gurnah alizaliwa hapa 1948, akaondoka baada ya Mapinduzi, akaishi na kusomesha Uingereza, na tuzo ameipata 2021. Lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Anaonyesha kwamba aliyelelewa kwa Kiswahili anaweza kufika popote kwa Kiingereza, lakini mtu mmoja si kipimo cha skuli za leo.

Mimi mwanafunzi, nataka kufanya dodoso la lugha kwenye shehia. Nianzie wapi?

Kwenye kibali cha utafiti, kisha kwa sheha, kiongozi wa shehia hiyo. Usiruke hata kimoja. Ukigonga milango bila sheha kujua, mlango wa tatu utakuta umeshazungumzwa.

Usiulize "nyumbani mnazungumza lugha gani?" Utaambiwa Kiswahili mara mia na utarudi mikono mitupu. Uliza mtu anamsemesha nani kwa namna gani: mama yake, mkewe, watoto, muuza duka, mwalimu, ndugu aliye Dubai kwenye simu. Uliza anagombana kwa lugha ipi na anahesabu pesa kwa ipi. Wazee wahoji peke yao, si mbele ya vijana waliosoma. Kwa Kiingereza, beba karatasi yenye sentensi chache, za kusoma na za kujibu, badala ya kuuliza "unajua?". Mtu akiona mgeni wa mjini huongeza Kiingereza chake na kupunguza Kikae chake, na dodoso lako litaandika vyote viwili kinyume.

Ukiweza, mpate msaidizi wa kijiji hicho hicho. Kojani usiende na mtu wa Mji Mkongwe. Na uliza kwanza wavuvi wanakuwa baharini siku zipi, usije ukahoji wake zao tu.

Wageni wanaoishi hapa wanaweza kujifunza Kiswahili wapi?

TAKILUKI, taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni ambayo sasa iko chini ya SUZA, imefundisha wageni kwa miaka mingi. Vijijini, jirani.

Sina pesa za kozi. Kiingereza nijifunze vipi?

Tafuta mwenzako mmoja mwenye nia, mkubaliane saa moja kila siku mnazungumza Kiingereza tu, hata kama ni cha kuvunjika, na anayekimbilia Kiswahili analipa urojo. Sikiliza habari za redio za Kiingereza za polepole, andika unachosikia, kisha sikiliza tena urekebishe. Soma kwa sauti. Kamusi iwe ya vitabu au ya simu, yoyote, lakini andika neno ndani ya sentensi yako mwenyewe, si orodha. Ukiwa karibu na ufukwe, zungumza na wageni walioketi wanapumzika, bila kuwauzia kitu. Wakijua huuzi, wengi wataongea mpaka wewe uchoke.